Gego la Tatu la Panya wa Ghalani

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, wakati wa vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, nilichemsha vichwa vya panya mpaka mataya yakaachana vipande viwili. Bwana Afya, mkuu wangu, akachungulia sufuria.

"Umeajiriwa kupima au kupika supu?"

Alicheka, kisha akanifundisha. Taya la chini la panya mchanga ni nusu mbili, zimeshikana mbele kwa kitu laini tu. Usilichemshe, waachie sisimizi wale nyama.

Tulisaka panya kwa kuogopa tauni, na umri wao tuliusoma kwenye taya. Mfupa ule haukui kwa kuvimba kama puto. Lile tawi linalopanda kuelekea sikio huongezwa mfupa upande wa nyuma, na upande wa mbele huliwa na mwili wenyewe. Hapo magego hupata nafasi. Mawili hutoka karibu wiki ya tatu. La tatu hungoja mpaka ya tano.

Mwaka uliofuata, wafugaji wa Kisomali walikusanywa kwa amri ya serikali kando ya ghala la mahindi. Siku ya kumi na mbili, panya wakaanza kufa ghalani. Mkuu wa wilaya akaja na askari.

"Panya wamekuja na mizigo ya hawa. Chomeni nyumba zote."

Zilikuwa nyumba za fito na mikeka. Hawakuwa na nyingine.

Mama mmoja, Halima, akasimama mbele yake. "Walahi, banya anataka nyumba isiyohama. Sisi tunahama kila mvua. Atatufuata kwa miguu?"

Askari wakacheka. Mkuu hakucheka.

Niliomba muda mpaka adhuhuri. Nikafukua viota chini ya sakafu ya ghala, nikazamisha mizoga ya wadogo kwenye dawa ya kuua viroboto, nikakwangua mataya kwa wembe. La kwanza nililivunja kwa haraka. Yaliyobaki manane yalionyesha gego la tatu likichomoza.

"Wana wiki tano, mheshimiwa. Na viota vimefumwa kwa nyuzi za magunia ya humu. Walizaliwa kabla watu hawa hawajafika."

"Una hakika, au unawahurumia?"

"Yote mawili. Lakini meno hayamhurumii mtu. Hesabu mwenyewe."

Akahesabu kwa ncha ya penseli, taya kwa taya. Kisha akawageukia askari.

"Bomoeni sakafu ya ghala. Nyumba ziacheni."

Sasa nimestaafu. Vijana wa maabara wanapolalamika kwamba nawarudisha kwenye taya moja mara tatu, nawaambia wapo watu wanaongojea nje, wasioweza kuingia kujitetea. Kaza mkono, mwanangu. Safisha tena.