Ndevu za Mparachichi wa Heru Juu

Uji wa muhogo ukilala jikoni huwa na harufu ya uchachu inayokaa puani. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya mwaka tuliokaa Heru Juu, karibu na mji wa Kasulu, kwa sababu baba aliutumia kama gundi ya kubandikia bahasha zake. Alikuwa mwalimu wa baiolojia kutoka Lindi, na mapenzi yake yote, baada ya sisi, au kabla yetu kama mama alivyodai, yalikuwa kwenye ndevu za miti: vile vinyuzi vya kijivu vinavyoning'inia matawini, ambavyo si jani wala mzizi, bali kuvu na mwani vilivyoamua kuishi pamoja. Kila alichookota alikianika, akakitia kwenye bahasha ya gazeti, akaandika mahali na aina ya mti, kisha akakituma kwenye hifadhi ya mimea mikavu ya chuo kikuu. Huko kila bahasha iligeuka nukta moja kwenye ramani.

Tulipokuwa Kumsenga, kule Kibondo, alizipata kila alikogeuka. Akaomba kuhamia Heru Juu ili ajue zinaishia wapi upande wa kusini, akamwahidi mama kwamba akipata bahasha moja tu ya huko, tunarudi Lindi. Mama alikuwa na haraka. Bibi, mama yake mzazi, alikuwa anapoteza macho, na kila simu kutoka nyumbani ilileta habari kwamba anaona kidogo kuliko jana. Baba alipanda vilima kila Jumamosi, akipita mashamba ya mihogo na maharage, akarudi na viatu vilivyojaa udongo mwekundu na mikono mitupu. Mama akimwambia basi, hazipo, alijibu kwa upole wa kuudhi kwamba hifadhini hakuna bahasha ya kitu ambacho hakikuonekana.

Ndipo Mama Esperansi, jirani yetu wa zamani wa Kumsenga, alipokuja Kasulu kuuza maharage. "Mwidiwe, Mama Zuhura," alisalimia kwa Kiha mlangoni, akafungua fundo la kitenge lililojaa vinyuzi vya kijivu. "Haya majani yenu nimeyaleta. Yanaliwa, ama?" Mama akayapokea, akamkaribisha chai. Kesho yake, baba akiwa shuleni, alichukua bakuli la uji akavibandika vile vinyuzi kimoja kimoja kwenye shina la mparachichi nyuma ya nyumba. Mimi niliona mti umependeza.

Kuku ndio waliomuumbua. Baba aliporudi jioni aliwakuta wamelizunguka shina, wanarukaruka na kudonoa. Akainama, akagusa, akanusa kidole.

"Mama Zuhura, ndevu hizi zimepikwa?"

Mama hakucheka. "Za Kumsenga hizo. Nimechoka, Baba Zuhura. Nataka mama yangu anione, asije akanipapasa uso tu."

Baba alikaa chini ya ule mti kwa muda, uji ukimkaukia kidoleni. "Siwezi kuandika kwamba zipo," akasema. "Lakini tutakwenda." Aliomba uhamisho wiki ileile. Nilimwonea mama aibu na baba huruma, vyote kwa pamoja, nikaenda kufukuza kuku.

Mwaka huu niliingia kwenye hifadhi ile kwa mara ya kwanza. Bahasha za Kumsenga zimo kabatini. Gundi imekuwa ya njano lakini bado imeshika. Kwenye ramani ya kompyuta, Kibondo imejaa nukta na Heru Juu ni peupe. Anayeitazama atadhani hakuna mtu aliyewahi kutafuta huko, na baba amekwisha kufariki, hawezi kumsahihisha. Iliniuma kuliko nilivyotarajia. Nilimpigia mama simu Lindi, naye siku hizi anavaa miwani mizito, nikamwambia kwamba pale petu hapana kitu.

"Uji wote ule," akasema, akacheka. Kisha akaongeza, "Lakini bibi yako alituona."