Bunduki Yenye Sura ya Vita

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi tulipoingia duka la bunduki kule Houston tukiwa watatu: mimi, baba yako Ezekia, na marehemu Ba'mkubwa Lameck. Wakati huo nilikuwa bado naitwa dada na kila mtu, sijawa shangazi wala mama wa watu wote kama leo. Nilikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, naishi mtaa wa Alief, na magoti yangu yalikuwa hayajaanza kunigomea.

Nakuandikia haya, mwanangu, kwa sababu juzi ulinitumia picha za bunduki mbili ukaniuliza ipi ni kali zaidi kwa kupigia shabaha. Uliuliza kwa Kiingereza. Mimi nakujibu kwa Kiswahili, na nakuomba usome polepole mpaka mwisho, hata kama itabidi umwulize mama yako neno hapa na pale. Kabla ya kuandika nilimpigia baba yako simu nikamwomba ruhusa. Alisema, "Mwambie wewe, Dada. Mimi nikianza sitafika mwisho."

Kwanza ujue kwamba siichukii bunduki. Baada ya kumaliza shule nilipitia mafunzo ya mgambo Mpwapwa, na katika wasichana wa kundi letu mimi ndiye niliyekuwa na jicho. Nilipofika Texas nikakuta watu wanakwenda kulenga shabaha wikiendi kama sisi tunavyokwenda kula nyama choma, nilifurahi, sitakudanganya. Kuna utulivu unaoupata unapovuta pumzi, ukaishikilia, ukakivuta kifyatulio taratibu, na karatasi kule mbele ikatoboka pale pale ulipotaka. Baba yako nilimfundisha mimi. Alikuwa anakaa Lewisville na mama yako na wewe ukiwa mdogo, anafanya kazi ya kompyuta, na mara kwa mara aliendesha gari mpaka Houston ili twende wote uwanjani.

Siku ile tulikuwa tunatafuta bunduki ndogo, zile za risasi za ishirini na mbili. Risasi yake ni nyembamba, haikupigi teke begani, bei yake haiumizi, na unaweza kulenga mchana kutwa bila kuchoka. Hiyo ndiyo bunduki ya kujifunzia na ya kustarehe. Tabu ni kwamba watengenezaji wamechukua bunduki hizi ndogo wakazivalisha maumbo ya bunduki za kijeshi. Nje unaona ya vita, ndani ni ile ile ya kupigia makopo.

Muuzaji alituwekea tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya plastiki, nyepesi, ina umbo la bunduki ya askari wa Marekani, na kitako chake unaweza kukirefusha au kukifupisha. Ya pili ilikuwa na umbo la SMG, ile unayoiona kila habari za vita vya kwetu zinapotangazwa, yenye magazini iliyopinda. Ya tatu ilikuwa na kitako cha mbao na mtutu mzito, bunduki ya kawaida kabisa, hakuna mtu angepiga nayo picha.

Baba yako hata hakuitazama ya tatu. Aliwaza kati ya zile mbili. Ile nyeusi, alisema, inakaa vizuri na darubini, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali. Lakini mkono wake uliendelea kurudi kwenye ile ya magazini ya kupinda.

"Hii ina stori," akasema.

Ba'mkubwa Lameck alikuwa anatusikiliza. Yeye alikuwa mwanajeshi, alipigana vita vya Uganda, na uzeeni alikuja Missouri City, pembeni mwa Houston, kukaa kwa binti yake. Aliinyanyua ile bunduki, akaikagua kama ina risasi ingawa muuzaji alikwisha kuikagua, akairudisha mezani mtutu ukiwa umeelekea ukutani.

"Ezekia, unataka kupiga nini na hii?"

"Karatasi tu, Ba'mkubwa."

"Basi chukua ile ya mbao. Mtutu wake mzito, mkono hautatikisika."

"Lakini risasi ni zile zile. Tofauti ni umbo tu."

"Hilo ndilo ninalokuambia. Risasi unazijua wewe uliyezipakia. Anayekutazama kwa mbali hajui umepakia nini, anachokiona ni umbo. Na umbo hili mimi nimeona kazi yake. Huku tunakoishi wapo watu walioiona kazi hiyo kuliko mimi."

Baba yako alicheka kwa adabu, kama unavyocheka mzee anapokuuliza kama simu inaweza kulipuka. "Hapa ni Texas, Ba'mkubwa. Watu wanaingia nayo dukani kununua maziwa."

Mzee alitoka nje akatungojea garini. Mimi nilinunua ile ya mbao, kwa sababu alichosema juu ya mtutu nilikijua kuwa kweli. Baba yako alinunua ile yenye stori. Tulipokwenda kuzijaribu, ya kwangu ilikusanya matundu yote mahali pamoja, ya kwake ikawa inakwama kila alipotumia risasi za bei rahisi. Hakujali. Aliituma picha yake kwa rafiki zake Dodoma kabla hata hatujaondoka uwanjani.

Sasa nikueleze habari za Mama Asende. Sidhani unamkumbuka, ingawa yeye ndiye aliyekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. Alikuwa Mkongo wa Fizi, mjane, alifanya kazi katika ghala moja la kupakia mizigo, na alikaa ghorofa ya juu yenu, ngazi ile ile. Mama yako alipokuwa na zamu mbili, Mama Asende alikuchukua, akakulisha, akakuogesha, na jioni alikurudisha umelala. Baba yako alipougua homa ya mapafu, sombe, kile kisamvu chao, na ugali vilishuka ngazi kila siku mpaka alipopona. Jumapili walisali kanisa moja. Alimwita Ezekia "mutoto yangu", na hakuwa anatania.

Ilikuwa mwezi wa nane. Nilikuwa nimekuja Lewisville kuwatembelea, na asubuhi tulikwenda kulenga shabaha, mimi na baba yako. Tuliporudi jua lilikuwa kichwani, na lami ya pale pa kuegesha magari ilikuwa na moto wa kupikia. Zipu ya mfuko wa bunduki yake ilikuwa imeharibika. Akaitoa bunduki kwenye buti, akaishika mkononi na magazini yake mahali pake, tupu, akaanza kuelekea kwenye ngazi. Amevaa kofia na miwani ya jua. Nilimwambia aifunge hata kwa taulo.

"Relax, Dada. Ni hatua chache tu, na sheria inaniruhusu."

Kweli sheria ilimruhusu. Naomba ulishike hilo, kwa sababu yeye amelishika mpaka leo na halijamsaidia kitu.

Mama Asende alikuwa anashuka na kikapu cha nguo chafu. Waliangaliana katikati ya ngazi. Mimi nilikuwa nyuma, nilimwona uso wake, na nakuapia hakumwona Ezekia. Hakupiga kelele. Aliachia kikapu, nguo zikamwagika, akampita baba yako kwa kasi ambayo sikujua mama wa umri ule anayo, akakimbilia chumba cha mashine za kufulia, akajifungia. Kutoka mle alimpigia simu mwanawe wa kiume, akamwambia watu wenye bunduki wamefika, wanapanda nyumba kwa nyumba. Mwanawe alikuwa kazini, mbali. Akafanya ambalo mtoto yeyote angefanya. Aliita polisi.

Sisi hatukujua. Baba yako alibaki amesimama, ameduwaa, halafu akashuka kumfuata. Alifika mlangoni pa chumba cha kufulia, akagonga, akamwita kwa upole, "Mama, ni mimi, ni Ezekia." Mlango haukufunguliwa. Ikabidi arudi kwenye gari aiweke ile bunduki kwanza. Na ndivyo walivyomkuta: mtu mweusi amesimama kando ya buti lililo wazi, SMG mkononi.

Magari ya polisi yaliingia kwa pande mbili. Walimpigia kelele aangushe bunduki. Baba yako, kwa ile akili ya mtu aliyezoea kueleza mambo ofisini, aligeuka ili awaeleze kwamba ni ishirini na mbili tu. Aligeuka nayo, mwanangu. Niliona mikono yao ikikaza. Nikaacha Kiingereza chote nilichojifunza, nikamwita kwa sauti ya mama yetu, "Zeki, iachie. Lala chini." Akaiachia. Akalala.

Lile kovu la shavuni uliloambiwa ni mafuta ya jikoni ni la lami ile. Walimkandamiza kwa goti mgongoni, shavu na mikono yake mitupu juu ya lami ya mwezi wa nane, mpaka walipoikagua bunduki na kuona ni ya risasi ndogo. Nilikuwa nimenyoosha mikono juu, nawaambia anaungua, na sikuruhusiwa kusogea. Mama yako alikuwa dirishani amekukumbatia, amekufunika macho. Walipomwinua ngozi ilibaki chini.

Polisi mmoja, kijana, alimletea maji. Akamwambia, "Bwana, kutoka pale nilipokuwa, hakukuwa na tofauti yoyote."

Mama Asende tulimkuta nyuma ya mashine, amejikunja, amejikojolea. Mimi ndiye niliyembadilisha nguo. Nilipomweleza kwamba mtu yule alikuwa Ezekia, alinishika mkono.

"Mi nilikimbia ile kitu kule kwetu Fizi," akasema. "Na ile ndiyo waliua bwana yangu, mbele ya macho yangu. Nikavuka ziwa, nikazeekea kambini. Sasa nimefika apa ku Amerika, naikuta ku ngazi ya nyumba yangu, na mwenye anaishika ni mutoto nilipikiaka sombe."

Ningependa nikuambie kwamba walikaa chini wakayamaliza. Ba'mkubwa Lameck alisafirishwa kutoka Missouri City kwa ajili hiyo tu, pamoja na mgongo wake uliokuwa unamwuma. Alimkalisha baba yako, shavu likiwa limefungwa bandeji, akamwambia apande ngazi akaombe radhi. Baba yako akakataa. Alikuwa na hasira, na sikuweza kumlaumu, maana nimeona jinsi alivyolala pale. "Nimevunja sheria gani?" akauliza. "Ni yeye aliyetaka niuawe. Mtu aliyekula mezani kwangu." Na kule juu Mama Asende naye alikuwa anasema hivyo hivyo kwa maneno yake: mtu niliyemlisha ameniletea vita mlangoni. Wote wawili walisema kweli. Nilipanda na kushuka zile ngazi nikibeba maneno ya huku na ya huku mpaka nikaona aibu.

Kabla mwezi haujaisha Mama Asende alihamia Fort Worth kwa mwanawe. Kanisani hakuonekana tena. Wewe ulimlilia kwa majuma, ukienda kugonga mlango wa watu wapya waliohamia juu, na kila ulipofanya hivyo baba yako alitoka nje akakaa garini.

Ilimchukua miaka kukubali. Ba'mkubwa alikwisha kufariki, hakuyaona. Siku moja baba yako alinichukua tukaendesha mpaka Fort Worth. Aligonga. Tulisikia miguu ya Mama Asende ikija, ikasimama. Baba yako akamwomba radhi pale pale nje, kwa Kiswahili, akilia kama mtoto. Sauti ikatoka ndani, imezeeka sana.

"Nilikusamehe zamani, mwanangu. Lakini mulango siwezi fungua. Nikiona uso wako, naiona ile kitu."

Tukarudi. Baada ya mwaka tukasikia amezikwa, na aliyetuambia alidhani tunajua.

Bunduki ile baba yako aliiuza. Sijui leo iko mkononi mwa nani.

Basi umeniuliza ipi. Katika hizo mbili ulizonitumia, sikuchagulii yoyote, maana zote mbili zimetengenezwa zifanane na kitu ambacho sicho. Kama unachotaka ni shabaha, nunua yenye kitako cha mbao na mtutu mzito, ujifunze kuvuta pumzi, na ifunge kwenye mfuko mzima tangu chumbani mpaka uwanjani. Na kama moyo wako unataka lile umbo, jikalishe kwanza ujiulize unataka nani akuone nalo. Sheria ya hapa itakuambia unachoruhusiwa kubeba. Haitakuambia jirani yako ameona nini kabla hajafika kwenye ngazi yenu. Hilo utalijua kwa kumtembelea, kukaa kwake, kumsikiliza hata akisimulia jambo lile lile mara nyingi. Baba yako alikula sombe ya yule mama, na hata siku moja hakumwuliza mumewe alikufaje. Na ukimwumiza mtu bila kukusudia, nenda siku ile ile, hasira yako ikiwa bado ya moto. Usingoje mpaka ijulikane nani mwenye haki.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe majirani wema, na wewe akufanye jirani mwema kwao. Akufikishe uzeeni ukiwa na watu wa kukuita kwa jina la utotoni. Amina.