Alisema Ndiyo kwa Kifaransa

Kila nikiona arusi ikitoka mlangoni pa komini, ofisi ya serikali inayofungisha ndoa hapa Kisangani, bibi arusi ameinua gauni lisiburuze vumbi, akina mama wanapiga vigelegele, nakumbuka siku moja ya ujana wangu na furaha yao inanipita. Usinidhanie mzee wa kijicho, mwanangu. Arusi nazipenda, na wali wake naupenda zaidi. Ila kuna swali linaloulizwa mle ndani, na najua linavyojibiwa.

Shule niliiacha mapema. Miguu yangu haikukubali kukaa chini ya dawati. Nilikuwa utingo wa malori ya Bunia na Kampala, na huko ndiko nilikookota Kiingereza, kwa madereva, kwa askari wa mpakani, kwa magazeti ya kufungia chapati. Neno lolote lililoandikwa nilitaka kujua linasema nini. Niliporudi Kisangani mikono mitupu, nilimkuta Papa Likoke, karani wa mahakama aliyestaafu, amekaa na mashine yake ya kuandikia kwenye baraza karibu na komini. Kifaransa cha sheria alikijua vizuri sana. Kiingereza hakukijua. Wafanyabiashara wenye mambo yao Uganda walimletea karatasi za ndoa na za urithi, wakitaka zisomeke kule. Basi akanichukua.

"Kiingereza yako inanuka mazuti ya malori," aliniambia, "lakini tutaiosha."

Kazi yetu ilikwenda hivi. Yeye alisoma sentensi ya Kifaransa, akanieleza kwa Kiswahili inasema nini. Mimi niliiandika kwa Kiingereza. Kisha nilimsomea Kiingereza changu nikikirudisha tena katika Kiswahili, naye aliangalia Kifaransa chake kama kuna kitu kimeanguka njiani. Kuna maneno yaliyotutesa. Sheria yetu ina utaratibu ambao mali mliyoichuma baada ya kuoana ni yenu wote wawili, lakini alichokuja nacho kila mmoja kinabaki chake. Kwa Kiingereza sikulipata jina la kitu hicho. Nilitaka kuweka neno la jirani. Papa Likoke alikataa. Tuliacha jina la Kifaransa lilivyo, tukaandika maelezo chini yake, hata yakichukua nusu ukurasa.

Kwa kuwa Kiswahili kilipita katikati, mwenye karatasi aliyekaa pale alisikia kila kitu. Wengi walikuwa wanaisikia karatasi yao kwa mara ya kwanza.

Ndivyo alivyosikia Mama Safi. Alikuja amepakiwa nyuma ya baiskeli ya toleka, amevaa nguo nyeusi za matanga. Mumewe, Kalume, alikuwa amefia Kampala, ghafla, akaacha lori na duka la vipuri. Ndugu zake walikuwa wameshatangulia huko. Wakili wa Kampala alimtaka mjane alete karatasi ya ndoa na ile ya familia, kwa Kiingereza, ili ijulikane yeye na watoto wake wana haki gani.

"Ile lori ni mugongo yangu," alituambia. Miaka mingi alikuwa akienda Bengamisa kununua mchele, anaurudisha mjini, anauuza sokoni. Lori lilinunuliwa kwa mchele ule.

Papa Likoke alianza kusoma. Majina, tarehe, mashahidi. Alipofika katikati akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, siku ya ndoa afisa aliwauliza mali yenu itakaa namna gani. Unakumbuka?"

"Ee papa, aliuliza mambo mingi."

"Hapa iko *séparation des biens*. Maana yake kila mutu na mali yake. Yenye iko kwa jina ya bwana ni ya bwana. Yenye iko kwa jina ya bibi ni ya bibi." Akaweka kidole kwenye mstari ule. "Lori iliandikwa jina ya nani?"

Mama Safi alicheka kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa. "Jina yake. Mwanamuke aandikishe lori, batu banasema nini?"

Sisi hatukucheka. Kicheko kikamtoka usoni, akaanza kutueleza siku ile. Afisa alikuwa anasoma Kifaransa mbio-mbio, arusi nyingine zinangoja nje kwenye jua. Alipofika kwenye swali la mali, shemeji mkubwa alipaza sauti: "Uliza bibi arusi, tuone kama amefuata bwana ao amefuata mali!" Watu wote wakacheka. Mama yake mzazi akamfinya mkono.

"Afisa akasema kitu ya *séparation*, nikasema *oui*. Ningesema nini, papa? Siku ya ndoa, mbele ya batu wote, niseme miye nataka tuchanganye mali? Kalume naye akasema *oui*. Hata yeye sizani alielewa. Tulitaka tu tuende kukula."

Kisha akanigeukia mimi.

"Weye kijana, Kiingereza unaijua weye. Kule Kampala, Kifaransa nani anaisoma? Andika kama mali iko ya wote wawili. Ni kweli, lori nililipa miye. Nani atajua?"

Mwanangu, vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya mashine. Nikamwambia Papa Likoke kwamba mama hasemi uongo, lori ni lake, na sisi tukiandika hivyo tutakuwa tumeandika haki.

Hakunipigia kelele. Alisema, "Ya lori atasema yeye mwenyewe mbele ya hakimu. Yetu ni ya karatasi tu. Bashemeji zake wana nakala ya hii karatasi, na Kampala hakukosi mutu wa Kifaransa. Wakionyesha mstari moja ya uongo, hakimu atatupa yote. Na ndani ya hizi karatasi kuna majina ya nani ingine?"

Yalikuwa majina ya watoto.

"Bon. Kama huwezi kuandika yenye iko, toka kwenye mashine."

Sikutoka. Mama Safi alikuwa amefunika uso na ncha ya kitambaa chake. Baadaye, kwa sauti ndogo sana, alisema, "Andikeni."

Nikaandika. Sijawahi kuandika mstari mzito kama ule. Chini yake Papa Likoke alinieleza maelezo marefu, na akanirudisha mara nyingi mpaka yakanyooka: kwamba kwa sheria yetu, mali ikitenganishwa, mke aliyebaki haondolewi kati ya warithi, na watoto hawaguswi kabisa. Alikuwa anamtafutia mama yule kila kilichokuwamo kweli ndani ya sheria, hata kidogo kiasi gani.

Mama Safi alirudi msimu wa mvua. Watoto walipata fungu lao, nalo lilikuwa kubwa. Duka liliwekwa chini ya mikono ya wakili kwa ajili yao. Lakini lori lote lilihesabiwa mali ya marehemu. Wanawake wa Bengamisa walioujua mchele wake hawakuweza kufika Kampala kushuhudia. Yeye alipata kipande chembamba, pamoja na mashemeji. Mkubwa wao ndiye aliyeondoka na lori.

"Aksanti, papa," alimwambia Papa Likoke. "Batoto banasoma. Lakini ile lori ikipita sokoni, nafunga macho."

Alikuwa amerudia mchele wake, safari hii akiubeba kwenye malori ya watu. Papa Likoke hakupokea karatasi nyingine siku ile. Alikuwa sahihi, mwanangu, na mpaka leo usahihi ule unaniuma.

Siku hizi mnaiweka karatasi mbele ya simu, inawapa lugha mnayotaka. Sikukatazi, hata mimi najaribu, maana udadisi haujanitoka. Lakini usingoje karatasi itafsiriwe kwa ajili ya msiba. Kabla ya siku ya arusi, nendeni komini ninyi wawili, bila shangazi, bila kaka, bila ngoma. Mwambieni afisa awaeleze taratibu za mali katika lugha mnayotumia kugombana nyumbani. Ulizeni mpaka achoke. Na wewe kijana wa kiume, usimwachie mwenzako aibu ya kujibu mbele ya ndugu zako wanaocheka. Jibu wewe kwanza, kwa sauti. Kutaka kujua mali itakaaje hakupunguzi mapenzi. Mkinunua kitu kwa jasho la wote wawili, andikeni majina yote mawili, na watu waseme watakavyo. Na kama siku moja utapewa kazi ya kubeba maneno ya wengine, yabebe yote, hata lile linalokuvunja moyo.

Mungu awape nyumba yenye amani na watoto wenye afya. Awazeeshe pamoja. Na siku atakapomwita mmoja wenu, yule atakayebaki alie machozi ya msiba tu, asiongezewe mengine. Amina.