Siku niliyobomoa dirisha langu jipya ili kitanda cha Bi. Zuhura kipite

Wakuu, salamu kwenu wa bara na wa visiwani.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma visa vya watu, nacheka, napita. Leo nimeona na mimi nitoe changu. Hii si chai, si kisa cha kutunga. Mtaa mzima ulikuwepo, na kuna mke na mume wa Iringa wanaweza kunitolea ushahidi.

Mniwie radhi mapema, maana mwanzoni mwa kisa hiki mbaya ni mimi mwenyewe.

Naishi Mji Mkongwe, Unguja. Marehemu baba alituachia ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe, nami nikatengeneza chumba kimoja cha kulaza wageni. Mambo ya app, picha, booking, mnayajua.

Kwa asiyeujua Mji Mkongwe: nyumba zetu zimesogeleana mno. Dirisha langu na la jirani yangu, Bi. Zuhura, yanatazamana, na katikati ni uchochoro tu. Ukinyoosha mkono na mwenzio akanyoosha wake, mnapeana kibiriti.

Siri hakuna. Nikigombana na mtu kwenye simu, Bi. Zuhura anajua nani kaanza.

Huyu Bi. Zuhura ni rika la mama yangu. Miaka miwili nyuma aliteleza ngazini akavunjika nyonga, na tangu hapo hajasimama tena. Kitandani alianguka mara mbili, wakaamua alale kwenye godoro chini. Bintiye, Salma, ndiye anayemwinamia kumgeuza, kumwosha, kumlisha. Mgongo wa Salma ukaanza kuuma, na mama naye akaanza kutoka vidonda vya kulala.

Kwa kuwa yuko chini, dirishani haonekani. Mimi nilikuwa nasikia sauti tu.

"Sele, umeamkaje?"

"Shikamoo Bi."

"Marahaba, mwanangu."

Basi. Ndio ujirani wetu huo, miaka miwili.

Sasa siku yenyewe. Wageni wangu wa kwanza kabisa, maharusi wa wiki moja kutoka Iringa, walikuwa wafike kwa boti alasiri. Chumba kilikuwa kinang'aa. Lile dirisha zamani lilikuwa pana, la mabawa mawili, nami nilimwita fundi Makame akaliziba nusu kwa matofali ili AC ipate pa kukaa na baridi isitoroke. Plasta safi, rangi imekauka juzi. Nilikuwa nikipita ukumbini naingia mle makusudi kulitazama.

(Wapenzi wa majengo ya kale, punguzeni hasira. Nimeshatukanwa vya kutosha.)

Asubuhi hiyo kikaletwa kitanda. Kile cha hospitali, cha chuma, unazungusha mpini kichwa kinapanda. Kaka yake Salma yuko Muscat, alijibana mwaka mzima akakinunua akakituma. Mkokoteni ukakifikisha mpaka mlangoni kwao.

Ngazi zao ni nyembamba na zina kona. Kitanda kikagoma.

Najua mtauliza, si wangekifungua? Kilifunguliwa kila kilichofunguka. Fremu ni kipande kimoja, imechomelewa.

Si wangekivuta kwa kamba kutoka chini? Kutoka chini mpaka dirishani nyaya za umeme zimesokotana kama tambi. Hakuna mwenye akili atakayepitisha chuma pale.

Ilibaki njia moja. Kitanda kipandishwe kwa ngazi zangu, ambazo ni pana, kisha kitoke dirishani kwangu kiingie dirishani kwake. Ila dirisha langu sasa lilikuwa nusu dirisha.

Salma akaja kugonga. Jasho linamtoka, buibui lina vumbi la ukutani.

"Sele, nnakuomba. Hayo matofali yakitoka, kitanda kinapita. Tutakujengea upya."

Wakuu, niliwaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza shuleni. Wageni saa tisa. Review ya kwanza. Plasta yangu. Nikajiambia, mtu kwanza na riziki yake.

Nikamjibu, "Salma, fundi hayupo. Labda wiki ijayo."

Fundi mwenyewe yuko jikoni kwangu, anakunywa chai. Na kikohozi kikambana pale pale.

Salma alikisikia kile kikohozi. Alisema tu "haya, ahsante," akashuka. Ningependa angenitukana.

Nikarudi jikoni. Makame hakunitazama, anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Kule chini kitanda kimeziba uchochoro, mwenye vespa anapiga honi, wazee wa barazani wanashauriana kwa sauti.

Haikupita nusu saa, Salma huyo tena. Nikajiandaa kugombana. Nilishatayarisha na maneno.

Mkononi ana kifurushi, kimefungwa kwa kanga.

"Mama kakuletea," akasema. "Juzi alikusikia kwenye simu unalalamika kuwa shuka ulizoagiza hazijafika. Anasema wageni hawalazwi kwenye godoro tupu, ni aibu ya mtaa mzima. Na anasema kitanda chake usijipe tabu nacho. Riziki yako kwanza. Yeye chini kashazoea."

Nikafungua. Shuka mbili nyeupe, pindo zimedariziwa kwa mkono, zinanukia udi. Salma akaniambia mama yake alizishona mwenyewe kabla hajaolewa. Zilikuwa sandukuni miaka yote hiyo.

Wakuu, niliona haya. Sijui niseme vipi. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Mwanamke amelala sakafuni, mgongo una vidonda, kitanda chake kinapigwa jua uchochoroni. Na uwongo wangu bila shaka kausikia, maana pale kila kitu kinasikika. Halafu anawaza wageni wangu watalalia nini.

Nikamwita Makame. "Chukua nyundo."

"Nyundo ya nini?"

"Ya dirisha."

Akaweka kikombe chini. "Sele, ile kazi nimeimaliza juzi!"

"Basi unajua ilipo."

Alibomoa huku ananung'unika, kila tofali na neno lake. Nadhani nusu ya uchungu ulikuwa wake. Mimi nilikuwa nabeba vifusi kwa karai. Vumbi likaingia kitandani, kwenye pazia, ndani ya AC ambayo haijawashwa hata siku moja. Nikawapigia wale wageni kuwaeleza, simu hazipatikani, wako baharini.

Baada ya sala ya adhuhuri wazee wa baraza, mwenye vespa na vijana wengine wakapanda kwangu na kile kitanda. Makame akaleta boriti mbili ndefu, tukazilaza kutoka dirisha langu mpaka lake. Mpango ni kitanda kiteleze juu yake, kimefungwa kamba huku na huku.

Tatizo likawa upande wa pili. Chumbani kwa mgonjwa, mwanamke, wanaume sisi hatuwezi kujazana. Kwa hiyo tukagawana: wanaume tusukume, wanawake wavute. Majirani wa kike wakajaa kule, vilemba vimekazwa, na Bi. Zuhura wamemsogeza pembeni na godoro lake.

Haoni kitu, lakini amri zote zinatoka kwake.

"Haya, bismillahi! Makame, usijitie nguvu, utajivunja mgongo!"

Katikati ndipo wageni wangu walipofika.

Nikachungulia chini nikawaona, na masanduku yao, wametazama juu. Juu yao kuna kitanda cha chuma kinaelea. Mwanamke alinitambua kwa picha ya kwenye app.

"Kaka Sele? Hicho ndicho chumba chetu?"

Sikuwa na uwongo mwingine. Nilishautumia asubuhi. Nikawaambia kweli yote kutoka dirishani, mbele ya mtaa: chumba hakilaliki, kosa ni langu, fedha yao watarudishiwa, nitawatafutia pengine pazuri.

Wakatazamana. Mume akauliza, "Mnahitaji mtu?"

Akapanda, akavua viatu, akashika kamba. Bibi harusi akaenda upande wa pili kwa wanawake, na Salma ananiambia yule ndiye alivuta kuliko wote.

Boriti moja ikateleza. Kitanda kikalala upande, pembe karibu iziguse nyaya. Nilikuwa nimeshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili na nakiri nililia "Yallah!" kama mtoto. Kule ng'ambo nikasikia Bi. Zuhura, taratibu kabisa:

"Msikiachie. Pumueni kwanza. Sasa, pamoja."

Wakavuta pamoja. Kikaingia.

Vigelegele vile, wakuu, hata kwenye harusi yangu sikuvipata.

Wakakifunga vipande vyake, wakatandika. Nilizirudisha zile shuka, Bi. Zuhura akazikataa zote mbili. Ikabidi Salma aamue: moja aitandike kwa mama yake, na moja nibaki nayo mimi. Wakamlaza. Kisha Salma akaanza kuzungusha ule mpini.

Mimi nimesimama kwenye tundu la ukuta wangu, vumbi mpaka kwenye kope. Nikaona kwanza kilemba. Kisha paji la uso. Kisha macho. Miaka miwili nilikuwa nasikia sauti inatoka sakafuni, na sasa uso wake ulikuwa unapanda mbele yangu, umbali wa hatua moja na nusu.

Akaangalia uchochoro. Akaangalia mbingu. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Sele," akasema. "Kumbe ushaota mvi!"

Watu wakacheka mpaka barazani. Mimi nilicheka, halafu nikashindwa, nikajifuta machozi kwa karai... samahani, kwa mkono uliokuwa umeshika karai. Nikajipaka chokaa uso mzima.

Kwa sababu hapo ndipo iliponiingia. Miaka miwili nimeishi hatua moja na nusu kutoka kwake, na sijapanda ngazi zake hata mara moja kumtazama.

Wageni niliwapeleka mwenyewe kwa mwenzangu mwenye nyumba ya wageni Shangani. Booking ilifutwa, app ikanishusha chini kabisa huko. Review hawakuandika, kwa kuwa hawakulala kwangu, na app haina pa kuandika "tulivuta kitanda." Lakini kabla hawajarudi Iringa walikwenda kumuaga Bi. Zuhura. Kwake yeye, si kwangu.

Dirisha sikuliziba tena. AC nimeiuza. Sasa nalaza wageni wanaotosheka na upepo, na kila asubuhi wanaamkiwa na bibi wa ng'ambo anayetaka kujua wamelalaje na nani kawapikia chai mbaya hivyo. Wengine wananiambia ndicho walichokipenda.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilidhani kumtanguliza mwenzio ni kazi ya mtu aliyekwishapata, mwenye ziada. Kumbe kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nilikuwa na nyumba, chumba, fundi na chai, nikatoa uwongo. Yeye alikuwa na godoro na shuka mbili, akazitoa zote mbili, akanipa na zamu yake.

Mkuu uliyesoma mpaka hapa, kuna jirani unayemjua kwa sauti tu? Na wewe uliwahi kutangulizwa na mtu aliyekuwa na shida kuliko yako? Hebu mwageni visa vyenu hapo chini, na wa kunisema aniseme, nimekaa.

Ila nikichelewa kujibu mnivumilie. Naitwa dirishani.

Naam, Bi!