Nilimwita Kilaza Kwenye Grupu la Familia

"Rudia ulichoandika," mdogo wangu aliniambia, kasimama sebuleni kwangu, mkoba bado begani. "Rudia huku unaniangalia."

Nikarudia. Mimi si mtu wa kumung'unya maneno.

"Niliandika mwanao ni kilaza, arudie darasa. Shule zao zimefanya mtihani mmoja, maswali yale yale. Wangu kaongoza, wako kashika mkia. Kosa langu nini, kuzaa kipanga?"

"Dada, baba yake kaufuata ushauri wako. Kesho anakwenda kumshusha darasa. Mtoto hali, hasemi."

"Atasema akishaelewa hesabu."

Hapo nilijiona nimemaliza. Nina diploma na mdomo pia ninao.

Binti yangu akatoka jikoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mama, zile hesabu za asilimia ulizonisifia juzi..."

"Zimefanyaje?"

"Kanifundisha yeye."

Nikacheka. "Yeye nani? Huyu aliyeshika mkia?"

"Wao walianza mwaka na asilimia, maumbo watasoma baadaye. Sisi tulianza na maumbo, asilimia ndiyo kwanza tunagusa. Mtihani katunga mwalimu wetu. Kaweka maumbo matupu."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Ulilijua hili?"

"Nililiandika kwenye grupu. Ukaniwekea vikatuni vya kucheka."

Hakunisuta. Bora angenisuta.

Wazazi wenzangu, mimi natunza stoo ya dawa hospitalini. Nikienda kukagua wodi, kwanza naangalia nini kilipelekwa, ndipo nauliza kiko wapi. Sijawahi kumfokea muuguzi kwa dawa ambayo hakuletewa.

Lakini mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja nilimdai somo ambalo hakuna aliyempa. Tena mbele ya ukoo mzima.

Nilitamani binti yangu arudi kwenye vyombo vyake asinione.

Kuwapa watoto karatasi moja si kuwapima sawa, kama mmoja kafundishwa na mwenzake bado. Hilo halihitaji diploma.

Nikachukua simu, nikampigia shemeji, spika wazi.

"Shemeji, kesho usiende."

"Nimeshaongea na mwalimu mkuu. Si wewe uliyesema..."

"Nilisema ujinga. Mtoto kaulizwa maumbo, na maumbo hawajamfundisha. Mkeo yuko hapa, atakueleza yote. Kwanza nipe mtoto."

Nikasikia simu ikipokezanwa. Kisha kisauti chembamba.

"Shikamoo mama mkubwa."

Ile shikamoo ilinichoma kuliko tusi.

"Marahaba, mwanangu. Nimekukosea. Nilikucheka kabla sijauliza. Nisamehe."

Akauliza la kwake.

"Kwa hiyo kesho nakaa darasa gani?"

Nikamwangalia mdogo wangu. Alikuwa ameshakaa, mkoba mapajani, anajifuta macho.

"Lako," nikamwambia. "Unakaa darasa lako."

Nikamsikia anamgeukia baba yake, taratibu, kama mtu asiyeamini: "Baba, kasema nabaki."

"Nimesikia," shemeji akajibu. "Basi, siendi."