Chupa Yenye Jina la Biasha

Mwalimu Nathan Maige hakuwa mtu wa kufundisha sayansi kwa chaki tu. Maabara ya shule yao ya Chole, Kisarawe, ilikuwa chumba chenye meza mbili na popo, basi. Kwa hiyo kila mwisho wa wiki, akirudi kwake Pangani, Kibaha, alikaa kwenye kibanda cha chipsi Kwa Mathias, ambako mtandao hausumbui, akipakua video na maelekezo ya majaribio mpaka simu inajaa. Jumatatu anarudi Chole na mfuko wa chupa tupu na mirija, na kidato cha pili wanamngojea kama wanaongojea pilau.

Huko mtandaoni ndiko alikoipata tovuti ya shule zinazopima maji. Unachota maji ya kisima, unayatia kwenye chupa yenye karatasi ya dawa, unaiweka mahali pa joto. Maji yakiwa na uchafu wa choo, chupa inageuka nyeusi. Unapiga picha, unaipandisha kwenye ramani, na shule nyingine zinaiona. Nathan alifurahi mno. Sayansi gani ya kweli kuliko maji unayokunywa mwenyewe?

Maelekezo yalisema chupa zipewe namba, si majina. Nathan akaona namba hazina ladha. Aliwaambia watoto waandike majina ya visima, wajue kazi ni yao. Yeye ni Msukuma, mtu wa kuja. Visima vya Chole alivijua kwa maji yake, hakuvijua kwa watu wake.

Sada binti Maulidi ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Alisema waziwazi kwamba atakuwa daktari, na Nathan alimwamini kuliko alivyowahi kumwamini mwanafunzi yeyote. Alileta maji ya kisima alichochimba baba yake mwaka aliofariki mama yake. Kilichimbwa kiwe sadaka: kila anywaye, thawabu zinamfikia marehemu. Watu walikiita kwa jina la mama huyo, na hayo Nathan aliyajua baadaye, maji yalipokwisha kumwagika. Sada akaandika kwenye chupa, kwa mwandiko mzuri kuliko wa wenzake: BIASHA.

Chupa nyingine zote zilibaki na rangi ya chai nyepesi. Ile ikawa nyeusi tii. Sada mwenyewe ndiye aliyesimama akaeleza maana ya weusi ule, bila kuruka neno, kisha akaketi na kuinamisha kichwa.

Nathan alipiga picha. Akaipandisha kwenye ramani, na kwa nia njema kabisa, watu wasije wakaugua, akaituma pia kwenye kundi la wazazi. Nia njema nayo huua. Jioni haijafika, picha ilikuwa imezunguka kata nzima, na mjuvi mmoja ameandika chini yake: kumbe Biasha ndiye anayetuharisha. Marehemu hasemwi vibaya, lakini siku ile walicheka. Wanawake wakahamia kisima kingine, na njia ya kwenda kwa Biasha ikaanza kuota majani.

Sada akaacha kuja shule. Ikasemwa tumbo linamsumbua. Nathan alidhani ni kisingizio cha aibu, na moyo ukamuuma.

Akambembeleza bwana afya, kisima kikatiwa dawa, akapima upya. Chupa haikugeuka. Akaibeba mpaka kwa Mzee Maulidi, aliyekuwa akimenya muhogo barazani.

"Shikamoo, mzee."

Marahaba ilichelewa. Nathan alieleza kwamba maji sasa ni salama, akaomba radhi, akaomba Sada arudi darasani. Mzee aliigeuzageuza chupa mkononi.

"Hii haina jina."

"Tumeweka namba, mzee."

"Maji umeyasafisha, mwalimu, Mungu akulipe. Jina la mke wangu utalisafisha kwa dawa gani?"

Mzee akamwambia hakumkataza binti yake shule; kama anamtaka, amfuate kisimani, huko ndiko anakoshinda.

Alimkuta peke yake, amekonda, kikombe mkononi. Sada alimwamkia kwa adabu, akachota, akanywa, akafuta mdomo. Nathan akamuuliza anafanya nini.

"Asiponywa mtu, mwalimu, mama hapati kitu."

"Umeanza lini?"

"Tangu siku ile walipoacha wengine."

Nathan alikaa chini kwenye ukingo wa kisima. Siku ile dawa ilikuwa bado haijatiwa, na katika Chole nzima hakuna aliyejua vizuri kuliko Sada kilichokuwa ndani ya maji yale.