Betri ya Lori na Kiko cha Babu

Pikipiki isiyotaka kuwaka ina sauti yake, na mimi hadi leo nikiisikia naacha kazi niliyoshika. Mguu unashuka kwa nguvu, chuma kinakohoa mara moja, halafu kimya. Mguu tena, kikohozi tena, kimya. Masika yale, kwetu Busale, sauti hiyo ilichanganyika na kelele za vyura na mvua iliyokuwa ikipiga migomba, na harufu ya mpunga uliokuwa ukiozea majini, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamefika mpaka kwenye mikakao ya babu. Nilikuwa msichana wa kubeba wadogo zangu mgongoni. Shule nilikwenda kidogo tu, kwa hiyo nisomeni kama mnavyonisikiliza jikoni. Nasema kilichokuwapo, sipambi.

Babu ninayemsema ni baba yake baba yangu. Ndiye peke yake kijijini aliyekuwa na pikipiki, aliinunua kwa kakao zake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Alikuwa mrefu, mkali, na kiko hakikutoka mdomoni mwake isipokuwa kanisani. Mimi nilimwogopa. Lakini mama yangu alimwogopa kuliko mimi, na huo haukuwa woga wa moyoni tu, ulikuwa desturi. Kwetu Wanyakyusa mke hamkaribii baba mkwe wake. Neno lake ni kutila, na maana yake ndiyo hiyo hiyo, kuogopa. Mama hakumtazama babu usoni, hakutaja jina lake, hakupita mbele ya mlango wake. Akisikia kikohozi chake njiani aliingia migombani, akajifunika kichwa, akangoja. Na babu naye alifungwa na kamba hiyo hiyo: akimwona mkwewe amejitokeza ghafla, alitakiwa ageuke aondoke. Tuliambiwa kwamba mwanamke anayevunja kutila watoto wake hukonda wakaisha. Hakuna aliyetaka kujaribu aone kama ni kweli.

Basi masika yale mdogo wangu Anyosisye, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alishikwa na homa. Baba alikuwa Matema ziwani, kwa Wakisi, amekwenda kununua samaki, maji yakamfungia huko. Siku ya kwanza tulimpa mtoto dawa tulizozijua. Asubuhi iliyofuata macho yakageuka meupe, mwili ukakakamaa mikononi mwa mama, degedege. Alipolegea hakulia tena. Mtoto mgonjwa anayelia unamvumilia. Anyosisye alinyamaza, na kimya kile kilitutia hofu kuliko kilio. Hospitali ilikuwa Kyela mjini, na daraja la magogo lilikuwa limebomoka upande mmoja. Lori lililokuja kuchukua mpunga lilikuwa limekwama kijijini kwa sababu hiyo hiyo. Pikipiki ingeweza kupita, ikisukumwa polepole juu ya gogo lililobaki. Nasi pikipiki tulikuwa nayo, ila betri yake ilikuwa imekufa. Aina ile bila betri haikuwaka, upige kiki mpaka mguu uote sugu. Na kuisukuma ikimbie ili ishike haikuwezekana, matope ya Kyela yanafika magotini, nani akimbie humo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Dereva wa lori lile alikuwa kijana wa Tukuyu, mpole, mwenye ndevu chache. Aliposikia habari za mtoto alikuja mwenyewe na waya mbili nene. Akaeleza kwamba lori lina betri mbili zilizounganishwa, na zote mbili kwa pamoja zingeiunguza pikipiki. Akafungua moja, ambayo peke yake ina nguvu sawa na ya pikipiki, akaibeba hadi uani kwetu, akaiweka juu ya ubao chini ya upenu, pasiponyeshewa. Akaitazama ile betri iliyokufa pande zote kama ina ufa au inavuja. Haikuwa na ufa. Kisha akamgeukia babu, akasema kwa adabu, "Mzee, naomba kiko kikae mbali kwanza. Betri inatoa hewa, huioni, lakini inashika moto."

Babu akacheka. "Kijana, kiko hiki kilikuwa kinawaka kabla mama yako hajaolewa. Hakijaunguza hata ndevu zangu."

"Basi, mzee, mimi waya siwezi kuzigusa."

"Umekatazwa na nani? Zilete nifunge mwenyewe. Mtoto ni wangu na pikipiki ni yangu."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, na mama nyuma yangu, gizani, Anyosisye mgongoni kwake. Nikasikia pumzi yake inabadilika. Lazima niwaambie kwamba kaka yake mama, mjomba wetu wa Bondeni, alikuwa akichaji betri za watu kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na siku moja aliwasha kiberiti aangalie maji ya betri. Ilimpasukia usoni. Jicho moja lilikufa, na ngozi ya shavu ikabaki kama ganda la ndizi lililokauka. Mama ndiye aliyemuuguza. Akanisukuma. "Sekela, nenda. Mwambie babu yako azime kiko, upesi."

Nikaenda. Nilifika, nikapiga magoti topeni. "Babu, mama anasema uzime kiko."

Hakunitazama. Alitazama juu, kama vile anaongea na paa. "Mwambieni mwenye mtoto, alee mtoto. Mambo ya mashine si ya jikoni." Wapakiaji wa mpunga waliokuwa wamesimama kando wakacheka kidogo, kwa kuwa mzee akitania ni lazima ucheke. Lakini mimi nilikuwa chini pale, nikaona anavyozigeuzageuza waya alizochukua kwa dereva, hajui aanze na upi. Babu alikuwa na hofu kama sisi, na alikuwa ameing'ata kwenye kile kiko. Akainama juu ya betri, moshi unamtoka puani.

Hapo mama akatoka jikoni. Alitoka kinyumenyume. Kitenge kilikuwa kimemfunika kichwa chote hadi kifuani, haoni mbele wala nyuma, anapapasa matope kwa kisigino. Na kwa kuwa alikuja kinyumenyume, mtoto ndiye aliyetangulia. Kichwa cha Anyosisye kilikuwa kimelala begani, mdomo wazi, macho nusu, na uso ule ukawa unamjia babu hatua kwa hatua. Kicheko kikakatika. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo kwetu, kumwendea baba mkwe uani kwake mchana mbele ya wageni. Nilitaka kupiga kelele, arudi, kwa sababu niliamini kabisa kwamba akimfikia, mdogo wangu atakufa palepale. Na betri nayo ilikuwa pale, imefunguliwa. Sikujua niogope kipi.

Babu aliinua macho akauona ule uso. Sijui aliona nini zaidi ya nilichoona mimi. Waya zikamponyoka. Desturi ilikuwa inamtaka aondoke, na aliondoka, haraka, karibu aanguke, akazunguka nyuma ya ghala na kiko chake. Mama akasimama alipokuwa amesimama babu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye ulimi wake hakuutumia kabisa.

Dereva akangoja kidogo, moshi upeperuke. Akafunga waya mwekundu penye alama ya kujumlisha ya betri iliyokufa, halafu penye alama kama hiyo ya betri nzima. Waya mweusi akaufunga penye alama ya kutoa ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hakuipeleka kwenye betri iliyokufa. Aliibana kwenye chuma kitupu cha injini, mbali. Cheche ndogo ikaruka pale kwenye chuma. Nikafumba macho. Nilipofumbua, hakuna kilichopasuka. Akapiga kiki, ikakohoa. Akapiga tena, ikanguruma mpaka kuku wakakimbia. Akatoa waya kwa kurudi nyuma, ncha aliyoifunga mwisho akaifungua kwanza, hakuacha ncha zigusane. Babu ndiye angeendesha, mimi nimpakate mtoto, lakini mama akiwa pale uani babu hakuweza tena kutoka nyuma ya ghala. Basi dereva akapanda yeye, na mama akapanda nyuma yake na mtoto, bado amejifunika, wakaondoka kuelekea darajani.

Mimi nilibaki na babu. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mvua inamnyeshea, na tulisikiliza pikipiki mpaka tukaipoteza. Alichotaka kujua ni kimoja tu. "Alikuwa anapumua?" Nikasema ndiyo. Sikuwa na hakika.

Anyosisye alipona. Leo ana mvi, analima mpunga Ngana. Mama aliporudi naye, ukoo mzima ulingoja babu adai ng'ombe kwa wazazi wa mama, maana alikuwa ameaibishwa uani kwake. Babu aliniita nyuma ya ghala. "Kamwambie mwenye mtoto, ndaga." Basi, asante, hakuongeza. Nilimpelekea mama salamu hiyo akiwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama kidogo, kisha ukaendelea. Waliishi kiambo kimoja mpaka babu alipofariki na hawakuzungumza hata siku moja.

Mwaka huu mume wangu alikuwa anabusti pikipiki ya mwanetu, anaiwasha kwa betri ya gari la jirani, hapa hapa uani. Mkwe wetu Tusajigwe, mke wa mwanetu huyo, alikuwa amekaa kibarazani anachambua maharage. Akainua kichwa. "Baba, zima kwanza injini ya gari kabla hujafunga waya. Utaiunguza."

"Haya, mwanangu," mume wangu akasema, akazima.

Hakuna aliyegeuka kutazama ila mimi. Nilikaa chini. Sitasema zamani ilikuwa bora, na wala sitasema desturi ilikuwa upuuzi, maana ndiyo iliyomwondoa babu pale. Lakini neno lile binti huyu alilisema bila hata kuacha maharage, na mama yangu, ili alifikishe, ilibidi atembee kinyumenyume topeni na mtoto mgongoni, akiamini kwamba kila hatua inamuua mtoto huyo.